Kujikaza Kisabuni Mbele ya Mtambo: Maumivu ya Kuvunjwa kwa Mawe ya Figo na Lugha Yake

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda ninachokusudia kukizungumzia katika makala haya ni kile anacholazwa mgonjwa wa mawe ya figo ili mawe hayo yavunjwevunjwe kwa mawimbi, bila kisu kupita mwilini. Mambo ya tiba aghalabu huandikwa na matabibu, na ndivyo ipasavyo. Hata hivyo, ipo sehemu moja ya matibabu haya ambayo naamini inatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili moja kwa moja, nayo ni maumivu. Dai langu ni kwamba mgonjwa asipoweza kueleza barabara anavyoumia, mtambo hufanya kazi nusu nusu. Nitamtumia mgonjwa wa Tabaka kama kielelezo, kwa sababu Tabaka ni mahali ambapo watu wanalijua jiwe kuliko wengi wetu, na ni mahali pia ambapo kunyamazia uchungu kumepewa heshima kubwa.

Kwanza tuuelewe mtambo wenyewe. Matibabu haya yalianzia Ujerumani. Wahandisi wa kampuni ya Dornier, iliyokuwa ikiunda ndege, walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu bati la ndege iendayo kwa kasi kupita sauti, ndipo wakaanza kujiuliza iwapo mawimbi ya namna hiyo yangeweza kupita mwilini na kuvunja kitu kigumu kilichomo. Mnamo Februari 1980, mjini Munich, daktari Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza. Katika mitambo ile ya awali mgonjwa alitumbukizwa katika hodhi la maji, na ilikuwa kawaida apewe nusukaputi au sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, kwa kuwa uchungu haukuvumilika. Mitambo iliyofuata iliondoa hodhi, ikaweka mto laini wenye maji unaogusana na kiuno cha mgonjwa kupitia jeli, na maumivu yakapungua kiasi kwamba wengi sasa hutibiwa wakiwa macho. Lakini hakuna kilichopatikana bure: wataalamu wengi hukiri kwamba mitambo hiyo ya upole haikuvunja mawe kwa ufanisi kama ule wa kwanza wenye hodhi. Uchungu ulipunguzwa, na nguvu nayo ikapungua.

Hapo ndipo mazungumzo yanapoingia. Katika kikao kimoja mgonjwa hupigwa mawimbi kati ya 2,000 na 4,000, kwa mwendo wa 60 hadi 90 kila dakika, na kikao huchukua dakika 30 hadi saa nzima. Mwendeshaji hupaswa kuanza na nguvu ndogo, kisha aipandishe hatua kwa hatua. Kufanya hivyo huipa figo nafasi ya kujikinga, humzoesha mgonjwa, na huvunja jiwe vizuri zaidi. Ni lini apandishe, na apandishe kiasi gani? Picha ya eksirei au ya altrasaundi itamwonyesha lilipo jiwe. Haitamwonyesha anavyohisi mwenye jiwe. Hilo hulipata kutoka kinywani mwa mgonjwa. Mgonjwa aliyezidiwa hupumua haraka na kwa kina, hukaza misuli, mwishowe huruka. Figo husogea pamoja na pumzi, na jiwe huhama kutoka kwenye shabaha. Kila wimbi linalolikosa jiwe hulipiga figo bila faida. Kwa hiyo kutuliza maumivu hapa ni sehemu ya shabaha yenyewe, wala si hisani ya daktari kwa mgonjwa mwoga.

Nisieleweke kwamba maneno huondoa uchungu. Dawa ndizo huuondoa. Wagonjwa wengi hupewa diklofenaki au dawa nyingine ya jamii yake kabla ya kuanza, na ikihitajika huongezewa dawa kali za jamii ya afyuni mshipani, kama vile pethidini au fentanili, pamoja na kitu cha kumlegeza. Watoto, na wale wasioweza kutulia, hulazwa kwa nusukaputi. Zipo pia tafiti zilizoonyesha kwamba mgonjwa anayesikilizishwa muziki aupendao huhitaji dawa kidogo zaidi. Ole wake hospitali itakayosoma makala haya na kuamua kupunguza dawa kwa kisingizio cha mazungumzo! Ninachosema ni kuwa hata dawa hupimwa kwa maelezo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye pumu, mwenye figo dhaifu, anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na mwanamke anayedhani huenda ana mimba, wote wanapaswa kusema mapema, kwa sababu baadhi ya dawa hizi, au matibabu yenyewe, yaweza kuwadhuru. Aliyesema "niko sawa" kwa adabu tu amejiingiza hatarini.

Sasa twende Tabaka. Mji huu wa kaunti ya Kisii unafahamika ulimwenguni kwa vinyago vya jiwe la sabuni. Huchimbwa machimboni, huchongwa kwa panga, visu na patasi likiwa na unyevu ili lisitimue vumbi na lisipasuke, kisha husuguliwa kwa msasa majini hadi ling'are. Kazi ya kusugua aghalabu ni ya akina mama. Mchongaji wa huko hasemi tu kwamba jiwe limepasuka. Anajua kama limekatika, limemeguka, limebanduka au limesagika. (Niseme kwa kupita kwamba vumbi la jiwe la sabuni haliendi figoni likawa jiwe. Mawe ya figo huundwa na chumvichumvi zilizomo katika mkojo mzito, na anayeshinda juani machimboni bila kunywa maji ya kutosha anajitafutia. Vumbi lenyewe huumiza mapafu.) Tabaka ina hospitali ya misheni ya Mtakatifu Kamilo, inayohudumiwa na shirika la Wakamilo, pamoja na chuo cha kuwafunza wauguzi. Lakini mitambo ya kuvunja mawe kwa mawimbi iko katika hospitali chache, hasa za miji mikubwa, na Nairobi iko takriban kilomita 300 kutoka mjini Kisii. Anayeufikia mtambo amekwisha kutumia nauli, ameacha kazi, na yamkini ameuza kitu. Kikao kisipofaulu, gharama hizo huanza upya.

Mtu huyo huenda na malezi yake. Miongoni mwa Abagusii, kama ilivyo kwa jamii nyingi jirani, kijana aliyepashwa tohara kwa desturi ya zamani alitakiwa asitikisike wala kupepesa jicho. Kilio kingekuwa aibu yake na ya aila nzima. Siku hizi wengi hutahiriwa hospitalini kwa ganzi, ila funzo lile halijafa. Tukirudi nyuma zaidi tunamkuta omobari, mganga wa jadi aliyefungua ngozi ya kichwa na kuparua fuvu la mtu aliyeteswa na maumivu ya kichwa yasiyoisha baada ya kupigwa au kuanguka. Madaktari waliochunguza jambo hili walilichapisha katika jarida la upasuaji mwaka 1985, na wanahistoria wa tiba bado wanalistaajabia. Wagonjwa wa zamani walipitia mikononi mwa ababari bila nusukaputi, wakishikwa na ndugu zao. Mtu akikuambia kuwa Mgusii hajui uvumilivu, mwonyeshe historia hiyo.

Ila tazama tofauti. Omobari alihitaji mgonjwa aliyetulia na kunyamaza, kwa kuwa jicho lake na mkono wake vilikuwa juu ya kidonda. Mwendeshaji wa mtambo hana kidonda cha kutazama. Anahitaji mgonjwa aliyetulia na anayesema. Sifa ile ile iliyomwokoa babu yaweza kumponza mjukuu.

Mjomba wangu mmoja, mchongaji, alitibiwa hivi miaka kadhaa iliyopita katika hospitali moja ya mjini ambayo sitaitaja. Aliyotusimulia aliporudi ndiyo yaliyonifanya niitafakari mada hii. Kabla ya kuanza, mwendeshaji alimwambia, "Pole mzee." Naye, kama alivyofunzwa adabu, akajibu, "Nimeshapoa." Mtambo ukaanza kugonga. Baada ya muda akaulizwa, "Mzee, unasikia?" Akajibu, "Nasikia, daktari." Nguvu ikapandishwa. Akaulizwa tena, akajibu vivyo hivyo. Yeye aliamini kwamba anaulizwa kama masikio yake yanaisikia sauti ya yule kijana katika kelele zile. Kijana aliamini anaambiwa kuwa maumivu yapo lakini yanastahimilika. Ilipofika karibu theluthi mbili ya kikao mjomba akaruka kitandani, kikao kikasimamishwa, akapangiwa siku nyingine. Nyumbani alijisifu kwamba alijikaza kisabuni, na waliomsikiliza wakamsifu.

Katika kisa hicho simwoni mzembe. Kijana aliuliza, mzee akajibu. Kilichowaangusha ni Kiswahili walichokuwa nacho wote wawili. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia uchungu: kitenzi kimoja kinabeba hisi kadhaa, jambo ambalo darasani tunalitaja kama mfano mzuri wa uwanda mpana wa maana kisha tunapita. Jibu la "nimeshapoa" nalo ni pambo la maamkizi. Halielezi hali ya mwili kama vile "sijambo" lisivyoieleza. Mazungumzo yetu ya kuulizana hali yamejengwa ili mtu aseme kwamba ni mzima hata akiwa taabani, na habari mbaya ije baadaye kwa kuzungukazunguka. Desturi hiyo ni nzuri barazani. Juu ya kitanda kile haina nafasi, na mhudumu aliyefunzwa lugha vizuri angeukwepa mtego huo kwa kuuliza, "Panauma wapi? Panauma namna gani? Kuliko mwanzo, au vile vile?"

Wengine watapendekeza namba. Hospitali nyingi humtaka mgonjwa ayapime maumivu kuanzia 0 hadi 10. Sipingi, maana namba huandikika haraka. Lakini fikirieni masikio ya mtu aliyesoma shule zetu, ambako kumi kwa kumi ni sifa na sifuri ni fimbo. Mwambie kumi ndiyo mbaya kabisa na bado kuna kitu kitakachomnong'oneza kwamba nne ni alama ya aibu. Isitoshe, namba husema kiasi tu. Haisemi aina, na katika matibabu haya aina ndiyo yenye kumsaidia mwendeshaji.

Maumivu ya mtambo huu hayatoki mahali pamoja. Kuna ya ngozi, pale mawimbi yanapoingilia mwilini. Wengi huyafananisha na kupigwapigwa kwa mpira wa manati. Hayo Kiswahili kinayaita kuchonyota. Mtu akisema ngozi inachonyota, yafaa jeli na mto vikaguliwe, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati yake na ngozi huyazuia mawimbi yasipite sawasawa. Kuna ya mbavu, mawimbi yanapoupiga mfupa: hayo hugonga, na dawa yake ya kwanza huenda ikawa kumsogeza mgonjwa kidogo. Kuna ya ndani kabisa, ya figo yenyewe, ambayo huvuta na kuwanga, na pengine huambatana na kichefuchefu. Hayo ndiyo ya kupunguziwa nguvu ya mtambo au kuongezewa dawa. Kisha kuna msokoto, ule unaoanzia kiunoni ukashuka hadi kinenani, ukaja na kuondoka, kipande cha jiwe kinaposukumwa katika mrija wa mkojo. Vitenzi vinne, na kila kimoja kinamwelekeza mwendeshaji mahali tofauti. "Inauma sana" haimwelekezi popote.

Hazina yetu haiishii hapo. Tunavyo kuchoma, kudunga, kukata, kupwita, kufukuta, kunyonyota. Tunazo takriri: kiuno kinachoumauma si kiuno kinachouma. Tunayo hali, kwa maana "kinauma" ni sasa na "huuma" ni desturi. Na tazameni sarufi yenyewe: katika "kiuno kinaniuma" kiungo ndicho mtenda, na mwenye kiungo ni mtendwa aliyefichwa ndani ya kitenzi kwa silabi moja, -ni-. Lugha yetu inachukulia kwamba maumivu ni jambo unalofanyiwa. Basi aliyefanyiwa ana haki ya kushtaki, na sioni kwa nini kushtaki huko kuhesabiwe kuwa ni udhaifu.

Wenzetu walikwisha kuifanya kazi ya namna hii katika lugha yao. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alichapisha hojaji ya maumivu yenye maneno 78 ya Kiingereza yaliyopangwa katika makundi 20, kuanzia maneno ya kuchoma na kudunga hadi yale ya kuchosha na kutisha. Aliamini kwamba neno alilochagua mgonjwa ni ushahidi wa kitabibu. Sisi, kwa upande wetu, tumejitahidi sana katika istilahi. TUKI ilitoa Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi nyingine zikafuata. Lakini kwa maoni yangu wanaistilahi wetu wamekuwa wawindaji wa nomino. Tunataka jina la kila kiungo, kila kijidudu na kila kifaa, ilhali maumivu ya Mswahili yanaishi katika vitenzi. Orodha ya majina elfu kumi isingemsaidia mjomba.

Hata jina la matibabu yenyewe linahitaji jicho letu. Wengi husema "mawimbi ya mshtuko". Tafsiri hiyo ni sahihi kwa mwanafizikia. Kwa mgonjwa, mshtuko ni mambo mawili: fadhaa, na kupigwa na umeme. Mwambie mzee wa Tabaka kwamba figo yake itapigwa mshtuko, naye ataingia chumbani akingoja nyaya, misuli yote imekakamaa kabla ya pigo la kwanza. Hofu ya namna hiyo huongeza uchungu. Napendekeza "mawimbi ya kishindo". Kishindo ni sauti na ni pigo, na ndicho hasa anachokisikia na kukihisi, kwa maana zote mbili za kusikia. Sidai kwamba neno langu ndilo la mwisho. Wahadhiri wetu wanaweza kulipinga, na ningefurahi kulisoma pingamizi hilo katika toleo lijalo.

Patakuwapo pia atakayeuliza kwa nini tushughulike na Kiswahili wakati mama mzee wa Tabaka huota na kuugulia kwa Ekegusii. Hoja hiyo ni nzito, na simjibu kwa kauli za kizalendo. Jiwe kwake ni rigena, na mawe yake ni amagena, hata yakiwa ndani ya figo. Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, akizingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sheria haikusema lugha hiyo ni ipi. Hata hivyo, mwendeshaji wa mtambo aweza kuwa Mkamba, Mluo au Msomali, na mara nyingi daraja pekee kati yake na mgonjwa ni Kiswahili. Daraja likiwa na ubao mmoja wa "inauma", watu wataanguka. Kinachohitajika ni mbao zaidi, na nyingine zitoke Ekegusii.

Kwa hiyo chama chetu kinaweza kufanya jambo lisilohitaji mfadhili. Tuandae karatasi moja, isizidi ukurasa, yenye maswali ya kumuuliza mgonjwa kabla ya kikao na wakati wa kikao, pamoja na vitenzi vya maumivu vilivyotenganishwa kwa mahali na kwa aina. Karatasi hiyo imweleze kuwa kuinua mkono kunatosha kusimamisha mtambo, maana mwingine atashindwa kabisa kutamka. Imweleze pia kwamba anayo haki ya kuuliza ametiwa dawa gani na nyingine ipo au haipo. Iongezewe yale ya baada ya matibabu, kwani safari ya kurudi ni ndefu na vipande hutoka kwa siku kadhaa: damu kidogo katika mkojo ni ya kutarajiwa, msokoto waweza kumrudia njiani ndani ya matatu, lakini homa na kutetemeka ni ishara ya kurudi hospitalini siku ile ile, bila kungoja kuche.

Wanachama wenzetu wanaotoka Gucha, Nyamira na Kisii waanze kukusanya vitenzi hivyo likizo hii. Wasianzie hospitalini. Waende vibandani ambako akina mama husugua vinyago wakiwa wameinama mchana kutwa, vidole majini, kisha wawaulize mgongo unafanya nini jioni. Jibu likija kwa Ekegusii waliandike kama lilivyo, ndipo waulize: na ukiwa mbele ya daktari asiyejua Ekegusii, hilo hulisemaje?